Sura ya 5: Umeamkaje Leo?

Kuna swali ambalo wazazi huulizana kwenye benchi nje ya wodi, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie: "Mbona alikuwa na nafuu kabla hajaanza dawa?"

Wana sababu ya kuuliza. Mtoto aliingia hospitalini akitembea mwenyewe. Homa zilikuwa haziishi na viganja vilikuwa vimepauka, lakini alikuwa bado anacheka. Wiki 3 baadaye nywele zinabaki kwenye mto, mdomo una vidonda, chakula hakitaki, na akiona koti jeupe anajificha nyuma ya leso ya mamake. Majirani wakija kumjulia hali wanasema pole, kisha wakifika langoni wanaambiana kwamba zile dawa ndizo zinazommaliza.

Jibu fupi ni kwamba mengi ya yale wanayoyaona yalitarajiwa, mengi yatapita, na karibu yote yanaweza kupunguzwa. Jibu refu ndilo sura hii. Nitaonyesha kwamba kumpunguzia mtoto mateso ni kazi ya tiba yenyewe, kwa sababu mtoto asiyeweza kuvumilia matibabu hayamalizi, na asiyeyamaliza hana nafasi nzuri ya kupona.

Kutoka Yamumbi hadi wodini

Tuchukue familia ya mfano. Inaishi Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret, ukishapita Langas. Baba anafanya vibarua vya ujenzi. Mama anauza mboga na ana kishamba cha mahindi. Kijana wao ana miaka 6 na amegunduliwa kuwa na saratani ya damu, yaani lukemia. Huu ni ugonjwa unaoanzia ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa: seli nyeupe ambazo hazijakomaa zinazaana ovyo mpaka seli nzuri zinakosa nafasi. Ndiyo saratani inayowapata watoto wengi zaidi duniani.

Ukitazama ramani, utasema familia hii ina bahati. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, MTRH, iko pale barabara ya Nandi, mjini Eldoret. Huko pia kuna hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015 baada ya mwanariadha Toby Tanser kuichangishia pesa kwa miaka mingi. Mzazi anayetoka Lodwar amesafiri zaidi ya kilomita 300 kufika hapo. Huyu wa Yamumbi anapanda matatu tu.

Lakini hesabu ya matatu haina huruma. Tiba ya lukemia ya watoto huchukua miaka 2 hadi 3. Kila siku ya kliniki ni nauli ya kwenda na kurudi, ni mboga zinazonyauka bila kuuzwa, ni mtoto mwingine anayerudi kutoka shule na kukuta mlango umefungwa. Mwezi wa kwanza jamaa wanachanga. Mwezi wa sita simu hazipokelewi.

Watafiti waliwafuatilia watoto waliogunduliwa kuwa na saratani katika MTRH kati ya mwaka 2007 na 2009. Miongoni mwa wale ambao mwisho wa matibabu yao ulijulikana, zaidi ya nusu waliyaacha njiani. Waliopotea kwa kuacha matibabu walikuwa wengi kuliko wale ambao ugonjwa uliwashinda wakiwa bado wanatibiwa. Watoto ambao familia zao zilikuwa na bima ya afya waliacha kwa kiwango cha chini zaidi.

Mengi yamebadilika tangu miaka hiyo, ila somo limebaki. Dawa inaweza kuwa kwenye kabati la hospitali, daktari akawepo, na mtoto bado akapotea kwa sababu maisha kati ya kliniki moja na nyingine yamekuwa mazito mno kubebeka.

Mbona dawa haziishi hata akipona?

Baada ya mwezi mmoja hivi wa matibabu, vipimo vya damu vya kijana wetu huenda vikawa safi. Anakula, anakimbiza kuku uani. Shosho, yaani nyanya yake, anauliza, na ana haki ya kuuliza: "Sasa huyu anapelekwa hospitali kufanya nini?"

Kila mkulima wa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, anaijua sangari, lile gugu la shambani. Unaweza kuilima juu shamba likaonekana jeusi, safi, tayari kupandwa. Mvua ikinyesha wiki mbili, inarudi. Kilichobaki ni vipande vya mizizi ambavyo jicho halikuviona. Saratani ya damu ina tabia hiyo hiyo. Vipimo safi maana yake shamba limelimwa juu. Miezi inayofuata ni ya kung'oa mizizi, na anayeacha hapo huwa anaacha wakati mtoto anapendeza kuliko wakati wowote.

"Ubora wa maisha" maana yake nini?

Madaktari wana msemo wao: ubora wa maisha. Maana yake ni jinsi mtu mwenyewe anavyoishi siku yake, mbali na kile vipimo vinachosema. Lipo dodoso linalotumika sana duniani kwa watoto, lenye maswali 23 katika mafungu manne:

- Mwili: Anaweza kukimbia? Anaumwa popote? Ana nguvu?
- Hisia: Anaogopa? Ana huzuni? Analala vizuri?
- Wenzake: Wanacheza naye? Wanamcheka?
- Shule: Anafuatilia masomo? Anasahau mambo? Anakosa siku ngapi?

Ukiyasoma utagundua kwamba hayana ugeni wowote. Ni yale ambayo nyanya, awe ni shosho au ni gogo, huyauliza kwa neno moja asubuhi: "Umeamkaje?" Tofauti ni kwamba sisi tumezoea kujibu "salama" bila kufikiri. Sura hii inakuomba uulize tena, na safari hii usubiri jibu.

Jambo moja limeonekana mara nyingi: mzazi na mtoto wakiulizwa maswali haya kila mmoja peke yake, majibu hutofautiana. Mama anadhani mtoto anasumbuliwa zaidi na kutapika. Mtoto anasema kinachomuumiza ni kwamba hakuna rafiki aliyekuja kumwona.

Kemo inafanya nini mwilini

Kemo ni jina la mkato la dawa kali za kuua seli za saratani. Nyingi huingia kwa mshipa, nyingine ni vidonge. Zinawinda seli zinazozaana haraka, na hapo ndipo penye shida: mwilini mna seli njema zinazozaana haraka pia, kama zile za nywele, za ngozi laini ya mdomo na tumbo, na za damu. Nazo zinapigwa.

Mzazi akijua kitakachokuja, hofu hupungua nusu. Haya ndiyo ya kawaida:

- Nywele huanza kudondoka wiki 2 au 3 baada ya kuanza, na kwa kawaida huota tena. Asubuhi za Eldoret ni baridi, hasa Julai, kwa hiyo kofia ya sufu, ile mavin, ni kinga ya baridi kabla haijawa ya macho ya watu.
- Kutapika kuna dawa yake, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla ya kemo kuliko baada ya mtoto kuanza kutapika.
- Mkojo mwekundu hutokea siku moja au mbili baada ya ile dawa nyekundu ya mshipa. Ni rangi ya dawa, si damu. Mwambie mtoto mapema, la sivyo atapiga kelele chooni.
- Mashavu kuvimba, njaa ya usiku na hasira huletwa na vidonge vya steroidi. Mtoto anayeamka saa nane usiku akidai ugali hajadeka. Ni dawa inayomsukuma.
- Kufunga choo, maumivu ya taya na miguu kufa ganzi huletwa na dawa iitwayo vinkristini. Akianza kujikwaa au kuburuta vidole vya miguu, sema.
- Vidonda mdomoni hupungua kwa kusukutua mara kwa mara na kupiga mswaki kwa brashi laini.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho: seli nyeupe za damu, askari wa mwili, zikishuka sana. Wakati huo homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura hata kama ni saa tisa usiku na mvua inanyesha Yamumbi. Usimpe kwanza dawa ya kushusha homa ukangoja kuche. Itaificha homa, na maambukizi yataendelea chini kwa chini. Nunua kipimajoto, weka akiba ya nauli ya usiku mahali pamoja, na uwe na namba ya bodaboda au jirani mwenye gari.

Siku hizo pia maji yachemshwe, matunda yaoshwe na kumenywa, nyama iive kabisa, na maziwa yasiyochemshwa yasimfikie. Mursik, yaani maziwa ya mgando ya nyumbani, ni fahari ya kwetu, lakini muulize muuguzi kwanza. Na mtoto wa jirani akiwa na surua au tetekuwanga, wasikutane, na wakishakutana ijulishe hospitali siku hiyo hiyo.

Maumivu hayana faida

Tumelelewa kuamini kwamba dawa chungu ndiyo inayoponya, na kwamba mtoto jasiri halii. Hata wataalamu walichelewa. Mpaka miaka ya 1980 wapo madaktari walioamini kwamba mtoto mchanga hahisi maumivu kama mtu mzima. Leo tunajua kwamba anayahisi, anayakumbuka, na kwamba sindano moja iliyofanywa vibaya inaharibu kumi zinazofuata.

Tazama namna mbili za kuweka branula, ile sindano ya plastiki inayobaki mshipani. Ya kwanza: mtoto analazwa chali, watu wazima wanne wanamshika mikono na miguu, mama ametolewa nje. Kwake yeye, hapo amekamatwa. Ya pili: ameketi mapajani pa mama, mgongo kifuani pake, mkono mmoja tu ndio umenyooshwa. Muuguzi amemwambia itauma kidogo kama siafu. Mama anampulizia mapovu ya sabuni, naye anajaribu kuyapasua kwa pumzi. Sindano ni ile ile, ila wiki ijayo huyu wa pili ataingia chumbani kwa miguu yake.

Mama ana haki ya kuomba namna ya pili. Ana haki pia ya kuuliza kama kuna dawa ya kutia ganzi au ya kutuliza kabla ya sindano ya uti wa mgongo, ile ambayo hupeleka dawa kwenye maji yanayozunguka ubongo.

Kwa maumivu makali ipo mofini, dawa nzito ya maumivu ambayo hata mtoto mdogo hupewa kwa mdomo, kwa kipimo cha uzito wake. Wazazi wengi huiogopa. Wanadhani ni dawa ya anayekufa, au kwamba mtoto atakuwa mlevi. Ikitolewa kwa maumivu ya kweli, kwa kipimo cha daktari, mtoto hupata usingizi, hula, na hucheza. Uganda ilionyesha mapema kwamba nchi yenye pesa kidogo inaweza: Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya maji ikawa inatengenezwa huko huko kutoka kwa unga, kwa gharama ndogo. Kenya tulichelewa kuwafikia watoto. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima juu ya watoto wa Kenya wanaoumia bila dawa ya maumivu.

Huduma hii ya kutuliza mateso ya mwili na ya moyo huitwa tiba shufaa. Wengi huisikia wanapoambiwa kwamba hakuna jingine la kufanya. Wakati wake wa kuanza ni siku ile ile ugonjwa unapogunduliwa, ikienda sambamba na kemo.

Je, mgonjwa haulizwi uji?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Walimaanisha ukarimu: usimngoje mgonjwa akuombe, mletee. Lakini kwa mtoto anayetibiwa miaka miwili methali hii ina hatari yake. Siku yake nzima inaamuliwa na watu wazima: mkono upi uchomwe, saa ngapi alale, kidonge kipi ameze. Akibaki hana la kuamua, atapigania lile moja analoweza kulifunga, nalo ni mdomo wake. Ndipo unapoona kikombe cha uji wa wimbi kimesukumwa ukutani.

Basi muulize uji. Usimuulize kama atakunywa. Muulize kama anautaka moto au vuguvugu, kikombe cha bluu au cha kijani, kabla ya dawa au baada. Kinywa chenye vidonda hukubali uji uliopoa, ndizi iliyopondwa na viazi vilivyolainishwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Vijiko vitatu kila saa vina faida kuliko bakuli moja linaloishia kwa machozi. Na mambo yasiyo na hiari, kama dawa na sindano, usimuulize kama anataka. Mwambie yatafanyika, kisha mwachie achague mkono.

Mchezo, shule na sheria za nyumbani

Katika uwanja wa MTRH kuna Sally Test Pediatric Centre, mahali ambapo watoto waliolazwa huja kucheza, kuchora, kusoma hadithi na kujifunza. Anayepita nje anaweza kudhani ni chumba cha kupotezea muda. Keti ndani uangalie: mtoto anamdunga mwanasesere sindano ya mchezo, anamfunga bandeji, anamkemea asilie. Anasimulia yaliyompata kwa mikono, kwa sababu maneno bado hana.

Shule nayo isifungwe kama mlango wa ghala. Zungumza na mwalimu wa darasa mapema, omba kazi za wiki, na mtoto akiwa na nguvu afanye hata nusu saa kwa siku. Kenya huwa na watahiniwa wanaofanyia mitihani ya kitaifa hospitalini, kwa hiyo elimu na ugonjwa si maadui. Siku ya kurudi, mwalimu awaambie wanafunzi mambo matatu: saratani haiambukizi, nywele zitaota, na mwenzao anaruhusiwa kucheza. Bila maneno hayo mtoto atakaa dawati peke yake, na kesho yake atasema anaumwa tumbo.

Nyumbani, sheria zibaki. Mzazi mwenye uchungu humwachia mtoto kila kitu: apige ndugu zake, atukane, asiombe radhi. Mtoto huisoma haraka maana yake: "Wameniachia kwa sababu nitakufa." Kumwambia arudishe vikombe jikoni, akiwa na nguvu, ni kumwambia kwamba mnategemea awe mtu mzima siku moja. Na dada wa kijana wetu, mwenye miaka 9, aliyeachiwa kuku na kufagia, naye aulizwe ameamkaje.

Mwambie ukweli

Familia nyingi huficha jina la ugonjwa. "Ni homa tu, utapona kesho." Kesho inafika, anachomwa tena. Mtoto wa miaka 6 hajui saratani ni nini, lakini anajua kwamba watu huacha kuongea akiingia. Asipopewa maelezo atajitengenezea yake, na mara nyingi yale ya kwake ni mabaya kuliko ukweli: kwamba alimkosea Mungu, au kwamba aliugua kwa sababu alipanda juu ya paa alipokatazwa.

Maneno machache yanatosha: "Damu yako ina seli mbaya zinazoitwa lukemia. Hukufanya kosa. Hakuna aliyekuroga. Dawa zinazifukuza, na zitachukua muda mrefu. Ikiuma, utaniambia." Na akiuliza kama atakufa, usimkemee. Muulize ni nani aliyemwambia hivyo. Jibu ndilo litakaloonyesha anachokiogopa hasa.

Nauli na bima

Tangu Oktoba 2024 bima ya umma ya afya nchini Kenya inasimamiwa na SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF. Inagharamia matibabu ya saratani, lakini kuna kikomo cha pesa kwa kila familia kwa mwaka. Kwa hiyo usingoje kikomo kifike. Muulize afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali wiki ya kwanza: michango yetu iko sawa? Tumebakiwa na kiasi gani? Kikiisha kuna msaada gani?

Kuhusu harambee, ushauri wangu ni mmoja. Watu wanapenda kuchangia jambo kubwa mara moja, ilhali ugonjwa huu unahitaji kidogo kidogo kwa muda mrefu. Waombe chama au kanisa wagawane miezi: huyu nauli ya Machi, yule ya Aprili, mwingine apalilie mahindi wiki ya kliniki.

Daftari la asubuhi

Nunua daftari dogo la mistari. Kila asubuhi andika majibu ya maswali matano:

1. Umelalaje? (Saa ngapi, ameamshwa na nini.)
2. Kuna mahali panauma? (Mwambie achore uso unaofanana na anavyojisikia.)
3. Umekula nini jana, na choo kilikuwaje?
4. Jana ulicheza na nani?
5. Leo unaogopa nini?

Mistari mitano inatosha. Baada ya wiki utaona mambo ambayo kumbukumbu ya mama aliyechoka haiwezi kuyashika: kwamba maumivu huja kila siku ya tatu baada ya vinkristini, kwamba hakula Jumanne zote, kwamba tangu shule zifunguliwe hajataja rafiki hata mmoja.

Kwa ufupi

- Madhara mengi ya kemo yanatarajiwa na yana njia ya kupunguzwa. Usinyamaze.
- Homa ya nyuzi 38 ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.
- Vipimo safi si mwisho wa matibabu. Mizizi ya sangari bado iko.
- Maumivu yatibiwe. Mchezo, shule na ukweli viwe sehemu ya siku.
- Panga nauli kwa miezi, usiipange kwa siku.

Siku ya kliniki daktari atafungua faili. Ndani yake mna hesabu ya seli, uzito na tarehe ya dozi inayofuata. Hakuna aliyeandika humo kwamba kijana halali, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo akifungua faili lake, nawe fungua daftari lako.